Mukwe wangu alimuogesha chura wa mujukuu wangu mu maji ya mihogo: vile tulimurudisha

Wakuu wote wa jukwaa, hodi.

Mi ni bibi, niko Baraka, kandokando ya ziwa, upande wa Kongo. Kiswahili yangu ni ya huku. Mwenye atapenda atasoma, mwenye hatapenda apite polepole asinikanyage.

Masomo yangu ilikuwa kidogo. Nilijua kusoma, nikajua kuandika jina yangu, kisha bakaniozesha bwana. Hii jukwaa ni mujukuu wangu Zawadi njo aliiweka mu telefone yangu, juu alichoka kunisikia nikisimulia bamama ba jirani habari moja kila siku. Akasema, "Bibi, kule kuko bantu mingi, habajakusikia bado."

Basi nimefika.

Habari yangu ni ya chura. Ni kweli tupu, naapa na hii kidole iko nafinya telefone. Kama nadanganya, ndakala zangu zinyeshewe juani.

(Ndakala ni zile samaki ndogo, nyinyi ba Tanzania munaita dagaa. Tuendelee.)

Chura yetu anaitwa Shefu. Zawadi njo alimupa ile jina, juu anakaaka kama shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa: tumbo mbele, macho nusu, hasemeshi muntu. Alikuja mwenyewe na mvua. Maji ilijaa mu kiwanja, ilipoondoka yeye akabaki chini ya pipa ya jikoni. Akaona ni fasi ya muzuri, akapanga.

Bantu balisema sana. Jirani yangu Mama Riziki alisimama pa lupango, uzio ya kiwanja, mikono kwa kiuno:

"Weye Mama Rashidi, chura mu kiwanja? Batasema uko na bulozi."

Nikamujibu: "Ningekuwa mulozi, hiyo mudomo yako ungekuwa nayo mpaka leo?"

Akaenda.

Kwetu Baislamu chura hauawi, nilifunzwa vile tangu mudogo. Tena anakula mbu. Tena, na hii njo kubwa, Shefu analiaka mbele ya mvua.

Munajua mihogo? Ya kwetu ni ile ya uchungu. Tunaimenya, tunailoweka mu maji mpaka inalainika, sumu inatoka, kisha tunaianika juu ya turubai ikauke tupate bunga. Mvua ikiipiga pale juani, imeharibika, bugali inakuwa nyeusi na inanuka. Sasa bamama ba avenyu yetu balizoea: Shefu akiita, kila mama anakimbilia turubai yake.

Na mwenye anakimbiaka mbele ya bote ni Mama Riziki. Ule ule wa bulozi.

Zawadi na Shefu balikuwa kama bandugu. Alikuwa anamusomea masomo yake. Kweli! Anakaa pale chini ya pipa, kitabu kwa magoti: "Shefu, sikiliza hii." Na chura anasikiliza kuliko batoto ba kiume ba hapa.

Ule mutoto iko na akili, nasema wazi juu najivuna. Alimaliza shule ya musingi, akakuwa wa kwanza kwa kalasi. Njo bakamupeleka kusoma Fizi, kule juu kwa milima, akakae kwa bibi yake mwingine, mama mwenye alizaa muke wa mutoto wangu Rashidi. Mukwe wangu.

Siku ya kuondoka, Zawadi hakulia juu yangu. Alilia juu ya chura.

"Bibi, Shefu nakuachia. Nikirudi kwa konje nimukute."

Konje ni ile likizo ya masomo. Nikamuambia, "Mama, utamukuta munene kunishinda."

Munione pale. Nilitoa neno yangu kwa mutoto. Na mi nikisema kintu kwa mutoto, ile kintu lazima iwe.

Ngojeni nipumue, kidole inauma.

Nimerudi. Naona mumoja ameandika "bibi tupia picha". Picha nitatupia, ngoja kwanza, habari ingali pa mulango.

Muke wa Rashidi, Feza, alizaa mutoto mwingine, kijana, mukubwa wa kichwa kama babu yake. Basi mukwe wangu akashuka toka Fizi kuja kumuona. Zawadi alibaki kule na mama yake mudogo, amalize mitihani, kisha atafuata.

Sasa lazima niseme kintu juu ya bakwe, juu kuna vijana humu habajaoa.

Kwetu mukwe ni heshima tupu. Haumupandishie sauti. Haumuonyeshe uso ya hasira. Akikukanyaga muguu, weye njo unaomba pole. Na mi, bantu bote ba Baraka banajua, ulimi yangu haina kitasa.

Mukwe akafika na pikipiki. Kikwembe mupya, kitenge ya kung'aa, kilemba juu, kuku mikononi. Na nyuma ya pikipiki bamefunga bidoni ya manjano, dumu kama ya mafuta.

"Mukwe, ile ni mafuta?" nikamuuliza.

"Apana, mukwe. Ni maji ya chemchem yetu ya Fizi. Tumbo yangu haizoei maji ya hapa. Inanuka dawa."

Ni kweli maji ya robine yetu, ile ya bomba, banatiaka dawa, juu ya kolera. Lakini muntu anakuja kwako kukusalimia na maji yake?

Nikacheka na meno yote. "Karibu mukwe, tumbo ni ya kuchunga." Mu roho nilikuwa nasema: hii maji imekuza bwana wa binti yako, mbona haukumurudisha?

Asubui moja nikatoka kwenda pa bandari kununua ndakala. Nyumbani niliacha Feza na mutoto ndani, na mukwe jikoni. Pipa moja ilikuwa na mihogo imelowekwa, imefunikwa, maji imeanza kutoa povu.

Nikarudi na kitunga yangu kwa kichwa. Mukwe akanipokea pa mulango, amefurahi sana.

"Mukwe, kale kachura kako kalikuwa nje mu jua, kamekauka masikini. Nimekaogesha."

"Umekaogesha wapi, mukwe?"

"Mule, na mihogo. Nimekachota na kopo, nikafunika juu, kasirukie mutoto."

Wakuu.

Nilishusha kitunga bila kujua nimeishusha wapi. Nikafunua ile pipa.

Shefu alikuwa tumbo juu. Miguu imenyooka kama ya kuku ya sokoni. Ile ngozi yake yenye kung'aa imekuwa kama kitambaa ya kupangusia meza.

Nikamutoa na mikono. Nikamuweka kwa kiganja. Koo yake, ile yenye inapigaka-pigaka, ilikuwa inapiga moja, inangoja, ngoja, ngoja, kisha inapiga tena.

Mukwe akasimama pale, tabasamu yake inaondoka kidogo kidogo.

Nikamuambia nini? Nilimuambia: "Asante sana, mukwe."

Naapa. Hiyo njo neno ngumu kupita zote nimesema mu maisha yangu.

Kisha nikapita nyuma ya jikoni, chura kwa mukono. Pale palikuwa bata yangu, jike, amejilalia. Nikamuanza.

"Weye bata! Nani alikutuma kushika kintu ya bantu? Macho uko nayo ni ya kazi gani? Unatoka kwenu na maji yako kama malkia, unafika hapa unalowesha viumbe ya Mungu kama mihogo? Sasa mutoto akirudi nitamuonyesha nini? Utamupa weye chura ingine, bata weye? Bata usiye na haya!"

Bata masikini hakuwa na kosa. Aligeuza kichwa upande, akanitazama na jicho moja.

Sauti yangu, munaielewa. Mbele ya nyumba yote ilisikika.

Kisha nikasikia mukwe ndani. Amebeba kale katoto ka siku chache, anakasemesha kwa sauti ya juu:

"Mujukuu wangu, unasikia? Bibi yako anagombana na bata. Umuambie, bata hakujua. Kwetu kule Fizi mihogo tunailoweka mu mutoni, na bachura banakaa juu yake banaimba. Bata aliwaza ni muzuri anafanya."

Nikasimama.

Ilikuwa kweli. Kule kwa milima banalowesha mu maji yenye kutembea. Sumu inatoka, inaenda. Chura anakaa pembeni anakula badudu, hana shida. Lakini mu pipa yenye mufuniko sumu itaenda wapi? Inabaki pale, inakula mwenye iko ndani.

Nikaambia bata: "Mu mutoni maji inatembea. Mu pipa inalala!"



Kisha ndani: "Mujukuu, ambia bibi yako, bata amesikia. Bata anaomba pole."

Na nyuma ya pazia nikasikia Feza anacheka, anashika tumbo, anasema "mama muniache, ninaumia."

Basi. Kugombana kuliisha pale, kazi ikaanza.

Kwanza nikafanya kosa mi mwenyewe. Nikachota maji ya robine, nikamuosha nayo Shefu ile sumu itoke. Nilimwagilia kweli kweli. Kumbe nilikuwa namuongezea. Ngozi yake ikatoa ute nyeupe, akajikunja, akafumba macho.

Mukwe alikuwa nyuma yangu na mutoto. Akakasemesha tena katoto, polepole:

"Mujukuu, ambia bibi yako hii maji ina dawa. Inafaa kwa tumbo ya bantu. Lakini chura anakunywa na ngozi."

Nilikuwa nawaza maji ya ziwa, lakini pale karibu ndipo bantu banafuliaka na sabuni. Maji ya mvua hatukuwa nayo, na mwenye anaita mvua alikuwa amelala kwa mukono yangu.

Mukwe akampa Feza mutoto. Akaingia ndani. Akatoka na ile bidoni ya manjano.

Akaifungua yeye mwenyewe. Hakuuliza. Akachukua sahani yangu ya maua, ile ya wageni, akamimina maji ya Fizi ndani, safi, baridi, unaona mpaka maua chini. Kisha akageuza uso upande, juu anaogopa bachura sana, akasema:

"Mulaze, mukwe."

Nikamulaza.

Tukamufanyia kitanda ya jani ya mugomba, kwa kivuli chini ya benchi. Asubui maji mupya, jioni maji mupya. Ile maji yenye nilichukia, sasa nilikuwa naihesabia kila tone. Na mukwe, nilimuona na macho yangu, akachukua kikombe akaenda kwa mutungi yetu, akakunywa maji ya Baraka. Alifumba macho kama mutoto anakunywa dawa ya minyoo.

"Mukwe, tumbo yako?"

"Itazoea," akasema. "Yeye hatazoea."

Wakuu, pale nilimupenda. Nasema wazi.

Mama Riziki akapita, akachungulia chini ya benchi.

"He! Iko matanga ya chura? Tulete sukari na viti?"

"Weye anika mihogo yako," nikamuambia, "na mvua ikikukuta usiniitie jina."

Kisha akainama tena, sauti imeshuka: "Kweli hataita tena? Mi turubai yangu imejaa."

Mumuone! Lakini alirudi kisha na mainzi mu chupa, ameyakamata mwenyewe kwa fasi anapokaushia samaki.

Shida ikawa kula. Shefu aliinua kichwa, akakaa kwa miguu, lakini hakula. Nilimuwekea inzi yenye imekufa: haioni. Nilimuwekea ndakala, tena ya kuchaguliwa: anaitazama kama ni jiwe. Tumbo yake, ile tumbo ya shefu, ikaingia ndani. Mifupa ya mugongo ikatoka.

Na Zawadi alikuwa amepiga telefone: mitihani imeisha, anashuka. "Bibi, Shefu iko?"

"Iko," nikajibu. Sikudanganya. Alikuwa. Kisha nikakata telefone, asiulize ingine.

Mukwe njo aliwaza. Akasema: "Mukwe, kule kwetu sijaona chura anakula kintu imelala. Anakulaka yenye inakimbia."

Akavuta uzi kwa pindo ya kikwembe yake, kile kipya. Akafunga munyoo mudogo wa udongo kwa ncha. Akasimama mbali, mukono imenyooka, uso imegeuka, akaanza kuuchezesha ule munyoo mbele ya chura.

Munione: bibi wawili, magoti inalia, mumoja amelala chini kifudifudi anaangalia, mwingine anachezesha munyoo bila kuutazama.

"Anaona?"

"Bado. Inua kidogo."

"Hivi?"

"Apana, ule ni munyoo ao ni muntu mwenye malaria? Chezesha kwa furaha!"

"Mukwe, mi naogopa, furaha nitaitoa wapi?"

"Chezesha kama siku tuliozesha batoto!"

Akacheka, mukono ikatetemeka na kicheko, ule munyoo ukacheza kweli kweli. Na Shefu, fyu! Ulimi ikatoka. Munyoo hakuna. Akameza: munajua chura anamezaka na macho? Macho inazama ndani ya kichwa, kisha inatoka tena, kubwa, inakutazama: bado iko?

Uzi ulibaki unaning'inia kwa mudomo. Mukwe akapiga kelele akaachilia, akakimbia mpaka kwa lupango. Nikamutoa ule uzi polepole. Nilikuwa nacheka mpaka machozi, na ilikuwa machozi ya kweli pia, siwezi kuficha.

Kuanzia pale alikula. Mainzi ya Mama Riziki, minyoo, kumbikumbi. Maji ya bidoni ikabaki chini kabisa. Mukwe akachukua telefone:

"Zawadi, ukishuka ulete bidoni moja ya maji ya chemchem."

"Ya kunywa, bibi?"

"Weye leta. Usiulize."

Lakini Shefu hakuita. Aliponona kidogo, ngozi ikarudisha mafuta, akarudi chini ya pipa yake, lakini kimya. Mvua ilikuja ikatukuta, mihogo ya bamama bingi ikaloa. Bamama habakumutukana. Balikuja mumoja mumoja kumuangalia, kama vile banaenda kuangalia muntu hospitalini.

Zawadi akafika juani, jua kali, hakuna hata wingu moja ya kusingizia. Alikuwa amerefuka! Bidoni mbele yake, hakutusalimia vizuri, akakimbia pa pipa.

"Bibi! Mbona Shefu amekonda?"

Nikafungua mudomo. Mukwe akanitangulia. Akakabeba katoto, akakasemesha, uso chini:

"Mutoto, ambia dada yako ni bibi wa Fizi njo alimulowesha na mihogo."

Zawadi akatutazama, huyu na huyu. Nikaona midomo inatetemeka, nikasema sasa analia.

Akapasuka na kicheko.

"Na mihogo? Bibi, ulitaka kumutwanga pia?"

Wote tukacheka, Feza mule ndani akashika tena tumbo yake.

Kisha Zawadi akafungua bidoni, akachota na mikono miwili, akamumwagia Shefu kwa mugongo. Polepole, kidogo kidogo, tone tone, na maji ya Fizi yenye baridi.

Shefu akafumba macho. Akafumbua. Koo yake ikajaa. Ikajaa tena, kama mupira.

Akaita.

Sauti yake yote! Ile ya zamani, ile inafikaka mpaka avenyu ingine.

Na wakuu, kabla hatujaelewa, nikasikia Mama Riziki: "MVUUUA!" Bamama bakatoka mu nyumba zote, vikwembe inaanguka, masufuria inaanguka, kila mumoja anakamata turubai yake na kukokota mihogo ndani. Na mbele ya bote, kilemba imetoka, ananikokotea turubai yangu, alikuwa nani? Mukwe wangu wa Fizi.

Jua ikaendelea kuwaka vile vile.

Tukasimama tunatazama juu. Hakuna wingu. Shefu anaita tu, amejaa maji ya chemchem, anawaza ni mvua yake peke yake.

Mama Riziki akamutazama chura, akatazama mihogo yake imerundikana mu nyumba, akatazama chura tena.

"Leo amedanganya," akasema. "Haina neno. Amerudi."

Bakatandika turubai upya, bote, wakicheka.

Sasa fundisho, juu najua humu munapenda fundisho.

Chura usimuweke mu maji ya mihogo yenye kufunikwa. Wala mu maji yenye dawa. Akiwa mugonjwa, umupe kivuli, maji safi ya mvua ao ya chemchem, na kintu yenye inacheza mbele yake.

Na kama uko na mukwe lakini hauna bata, tafuta bata. Nilikuwa karibu niseme ile neno yote kwa uso yake. Ningesema, bidoni ingebaki imefungwa, na mi ningekuwa namuambia Zawadi kintu ingine leo.

Sasa semeni na nyinyi. Nani humu amemuponyesha munyama mudogo hata bantu bakamucheka? Na munisaidie: bata wangu naye tangu ile siku hanitazami vizuri. Anaombwaka pole namna gani, bata?

Zawadi ameweka picha chini, Shefu ni ule wa katikati. Kushoto ni mukwe, amesimama mbali, muangalie vizuri.

Naacha, nasikia anaita. Sijui ni mvua ao ni mukwe amefungua bidoni. Nakimbia tu kwa mihogo yangu.